Mzigo wa Buibui

Ukurasa huu nimeufungua mara nyingi hata pini za kitabu zimelegea hapo, na ukikiweka mezani kitabu chenyewe hujifungua pale pale, kama mlango uliozoea mkono wa mwenye nyumba. Hauna visanduku visanduku kama kurasa nyingine za katuni. Ni picha moja, imeenea karatasi nzima. Kijana aliyevaa nyekundu na bluu, vazi lake limechorwa utando, yuko chini ya rundo la mitambo iliyomporomokea, naye analiinua. Chuma kile hakina umbo la kitu kimoja. Ni kama kiwanda kizima kimemwangukia. Maji yanaruka kila upande. Uso wake hauonekani, kinyago kimemfunika tangu utosini hadi shingoni, kwa hiyo hatuoni meno yaliyoumana, wala jasho, wala chozi. Yote hayo mchoraji ameyashusha mwilini: mabegani, mapajani, kwenye vidole. Nimetazama picha nyingi za watu wenye nguvu. Hii ndiyo inayonifanya nibane pumzi, na nikifungua ukurasa unaofuata nijikute ninashusha pumzi pamoja naye.

Nakala yangu ni ya chapa ya baadaye, haina bei mnadani. Asili yake ni toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Februari 1966, lililouzwa Marekani kwa senti 12. Mkasa ulitungwa na kuchorwa na Steve Ditko, na maneno ni ya Stan Lee. Mimi nilikulia katuni za nyumbani, za Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, watu wa ujanja na vituko, ambao sifa yao kubwa ilikuwa kujua namna ya kuuponyoka mzigo. Niliwapenda na ningali ninawapenda. Lakini siku nilipokutana na kijana huyu aliyekwama chini ya chuma, nilikaa kimya muda mrefu. Sikuwa nimewahi kuona katuni inayomheshimu kiasi kile mtu aliyelemewa.

Ili picha ile ikulemee na wewe, sharti ujue kilichotangulia. Peter Parker, kijana aliye ndani ya vazi lile, ana mgonjwa hospitalini. May, aliyemlea, anakufa kwa sumu ya mionzi iliyo ndani ya damu yake, na sumu hiyo ilitoka kwa Peter mwenyewe: siku za nyuma alimtolea damu kwa nia njema, asijue kwamba damu iliyokwisha guswa na buibui wa mionzi ingekuja kumdhuru. Dawa ipo, inaitwa ISO-36, na ili ipatikane Peter amepeleka rehani vifaa vyake vya sayansi, vitu pekee vya thamani alivyokuwa navyo. Kisha dawa inaibwa na watu wa adui yake, Doctor Octopus. Wakati huo huo ndiyo kwanza ameanza chuo kikuu. Wenzake wapya wanamsalimu, haitikii. Wanasema ana maringo, kumbe masikio yake ameyaacha wodini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anaisaka dawa mji mzima, halali, hali, mpaka anafika kwenye maficho yaliyojengwa chini ya maji. Wanapigana, mitambo inaporomoka. Chupa ya dawa imesimama sakafuni mbele yake, mkono haufiki. Paa linavuja. Hapo toleo la 32 likaisha, na wasomaji wa wakati ule wakakaa mwezi mzima huku kijana wao yuko chini ya chuma.

Hadithi ya toleo la 33 ina kurasa 20. Ditko alizitoa 5 za mwanzo, robo nzima ya kitabu, kwa mtu asiyeondoka mahali alipo. Kwa wauzaji wa katuni jambo hilo lingeweza kuonekana upotevu wa karatasi, kwa maana mnunuzi alilipia vishindo na ngumi. Ditko akamchorea kijana anayejaribu na kushindwa. Anajaribu tena, chuma hakitikisiki. Kichwa kinainama. Nyuso za wazee wake wawili, marehemu Ben na mkewe May aliye mgonjwa, zinamjia. Tone linaanguka, na jingine. Kila anapoongeza nguvu, kisanduku nacho kinapanuka, kana kwamba ni yeye anayezisukuma kuta za ukurasa kwa mgongo wake, hata kwenye ukurasa wa 5 kuta zote zinatoweka na kubaki picha moja. Nimesoma riwaya nyingi nzuri, na bado sijui nathari inayoweza kufanya hivi: kumwonyesha msomaji uzito kwa kumpunguzia nafasi, kisha kumwonyesha ukombozi kwa kumpa nafasi. Filamu ya mwaka 2017 iliirudia picha hii, kijana chini ya kifusi. Ilifanya vizuri, lakini katika filamu mwendo unafanywa kwa niaba yako. Kwenye karatasi ni wewe unayegeuza ukurasa, na mkono wako ndio unaomsaidia kuinua.

Mtu aliyekulia karibu na soko au bandari hawezi kuitazama picha ile kama mchezo wa watoto, kwa kuwa anaijua. Lugha yetu yenyewe imelichungulia jambo hili kwa karibu hata ikaligawa vipande vipande: kuna kutwika, kuna kutwishwa, kuna kujitwika, kuna kutua. Mtazame mchukuzi wa gunia la mchele. Gunia likiwa chini, misuli yake yote haimfai kitu; humwita mwenzake aje amtwishe, wakalishika huku na huku, na likishakaa mgongoni anaweza kwenda nalo mbali hata watu wakashangaa. Pagumu ni pale kati ya ardhi na bega. Wapagazi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walilijua hilo kila alfajiri ya safari, na waliosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi walikuwa wamewaona kwa macho yao wakiamka, wakitwishana, wakishika njia. Buibui wetu hana wa kumtwisha. Hana wa kumtua. Ditko amemchora mahali pale pale pagumu, kati ya ardhi na bega, akamwacha hapo kurasa tano. Na hilo neno kujitwika tumelipeleka hata kwenye mambo yasiyopimwa kwa mizani: mtu hujitwika ulezi wa watoto wa nduguye, hujitwika deni la marehemu, hujitwika lawama ambayo hakuna aliyemwekea. Ndiyo maana picha hii ya kijana wa New York hainihitaji niifasiri. Naona ndani yake kaka wakubwa ninaowafahamu, walioacha shule ili wadogo zao wasome, na ambao hakuna aliyewaona wakiinuka na mzigo wao.

Tuiweke kando ya picha nyingine ya kunyanyua, iliyoitangulia kwa takriban miaka 28. Jalada la Action Comics namba 1, Juni 1938: mtu mwenye joho jekundu ameinua gari la kijani juu ya kichwa chake na kulibamiza kwenye mwamba, na mbele kabisa mtu mmoja anakimbia huku ameshika kichwa. Ndiyo siku Superman alipotokea duniani. Linyanyue gari lile kwa macho, utaona halina uzito. Amelishika kama mpepetaji ashikavyo ungo. Vijana wawili wa Cleveland, Ohio, ndio waliomwaza: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, katika miaka ambayo Marekani ilikuwa imejaa watu wasio na kazi. Babake Siegel alikuwa na duka la nguo. Mwaka 1932 wezi walimwingilia dukani, naye akafa jioni hiyo kwa moyo kusimama. Mimi siwezi kulitazama jalada lile bila kumfikiria mwanawe, kijana aliyempoteza baba kwa namna hiyo, akikaa na kuwaza mtu ambaye risasi haimwingii. Wahenga wetu walionya kwamba mwenye nguvu mpishe, na onyo hilo lilitoka kwa watu waliokwisha kukanyagwa. Siegel na Shuster walimwota mwenye nguvu ambaye mnyonge hana haja ya kumpisha. Katika hadithi zile za mwanzo Superman hapambani na majitu ya angani. Anamshika mume anayempiga mkewe, anamwokoa mwanamke asiye na hatia asiuawe kwenye kiti cha umeme, anamfuata mwanasiasa aliyenunuliwa, anamshusha mwenye mgodi katika mgodi wake mwenyewe ili aone wanakofia wachimbaji. Ni dua ya watu waliochoka, imechorwa kwa rangi nne kwenye karatasi rahisi. Siidharau hata kidogo.

Ila dua ni jambo moja na maisha ni jambo jingine, na katuni zilipokua zikataka kusema juu ya maisha. Gari jepesi likawa chuma kizito. Mabadiliko hayo yana tarehe: Agosti 1962, toleo la 15 la Amazing Fantasy, gazeti lililokuwa linafungwa, na hilo lilikuwa toleo lake la mwisho. Ndani yake kulikuwa na kurasa 11 za mwanafunzi mpweke wa Queens aliyeumwa na buibui kwenye maonyesho ya sayansi. Akipata nguvu, haendi kumwokoa mtu. Anakwenda kwenye televisheni kutafuta fedha, na siamini kuna kijana maskini ambaye angefanya vingine. Mwizi anampita mbio ukumbini, askari anampigia kelele amzuie, naye anamwacha aende, hayamhusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku chache baadaye mwizi yule yule anamwua Ben. Yale maneno mashuhuri juu ya nguvu na wajibu, ambayo leo kila mtu humwekea Ben mdomoni, katika hadithi ya asili hayakusemwa naye. Yamo katika kisanduku cha mwisho kabisa, ni sauti ya msimulizi, juu ya kijana anayekwenda zake gizani. Ninaipenda zaidi namna ile ya kwanza. Ben hakuwahi kutoa wosia. Peter alibaki na mwili wa mzee wake na akili yake mwenyewe, akajitwika.

Nikisoma hapa hulazimika kusimama kidogo kwa ajili ya neno moja. Kiingereza kina neno moja tu kwa dada wa baba, dada wa mama na wake za wajomba na ami, na kwa hiyo watu wengi wakimsimulia Peter kwa Kiswahili humwita May shangazi. Sivyo. Ben alikuwa kaka mkubwa wa babake Peter. Kwa Kiswahili Ben ni baba mkubwa, na May, mke wa baba mkubwa, ni mama mkubwa. Sijaribu kusahihisha watu kwa kupenda kusahihisha. Neno hili linabadilisha hadithi nzima. Peter ni yatima aliyelelewa kwa baba yake mkubwa, na alipomwacha mwizi apite alimwua baba yake wa pili. Aliye wodini ni mama yake wa pili, naye anauawa na damu aliyotoa mwanawe. Katika Kiingereza wasomaji hushangaa kidogo kwa nini kijana anaungua hivi kwa ajili ya mke wa mzee wake. Msomaji wa Kiswahili hashangai. Anajua kwamba chini ya chuma kile kuna mtu anayehangaikia dawa ya mama, na kwamba mtu wa namna hiyo hana hesabu ya kilo.

Na neno jingine, buibui lenyewe. Pwani neno hili ni mdudu na ni vazi. Mama zetu walijitanda buibui jeusi wakitoka, na chini yake kulikuwa na kanga ya rangi na mtu mzima mwenye mambo yake, ambaye njiani hakuna aliyemjua ila kwa mwendo. Nilipokuwa mtoto niliamini mdudu na vazi ni kitu kimoja, kwamba mwanamke huvishwa na yule anayesokota utando pembeni mwa dari. Basi sikushangaa hata kidogo kwamba kijana aliyetaka kuwasitiri watu wake alichagua kuwa buibui, akajishonea vazi kwa mkono wake, akajifunika mwili mzima. Mashujaa wengine wa katuni huacha kidevu wazi, au macho, au nywele. Ditko alimfunika huyu wote, na matokeo yake ni kwamba ndani ya vazi lile anaweza kuwamo yeyote. Kuna toleo la 12, la Mei 1964, ambalo Peter anapigana akiwa na homa. Nguvu zimemwishia, na adui anamvua kinyago mbele ya watu. Hakuna anayeamini. Wote wanasema ni kijana tu aliyevaa nguo za shujaa ili amwokoe mpenzi wake. Nililia niliposoma pale, kwa kuwa alisitirika kwa udhaifu wake.

Udhaifu wa buibui una heshima yake kwetu. Tulikatazwa kumwua. Bibi aliyetukataza alitusimulia habari za pango la Thaur, Mtume na sahibu yake wamo ndani, wanaowatafuta wamefika mlangoni, na buibui amesokota utando hapo, wakauona mzima wakaenda zao. Upanga haukufanya kazi siku ile, wala ukuta wa mawe. Nyumba ya buibui, ambayo Kurani yenyewe inaitaja kuwa dhaifu kuliko nyumba zote, ndiyo iliyosimama baina ya uhai na kifo. Sisemi kwamba Lee na Ditko walilijua simulizi hili. Nasema msomaji huja na dari la nyumba yao, na mimi nilipomwona kijana aliyevaa utando nilimpokea kama mtu ambaye habari zake nilizisikia zamani.

Tunaye pia wetu mwenye nguvu, Fumo Liyongo, na sioni vibaya kuwakutanisha. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anatembea na mkoba, na mkoba huo ukifunguliwa mna kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyombo vya kupikia, hata mafiga. Shujaa wetu mkuu alibeba jiko mgongoni! Kila nikifika hapo hutabasamu kwa furaha, kwani aliyemwaza alijua nguvu ni za nini: ni za kubebea vitu vya nyumbani. Alipofungwa, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, akakata minyororo huku ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya chuma. Na mwisho wake, baada ya mwanawe wa kumzaa kumdunga kitovuni, Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji. Walimwona kwa mbali amepiga goti, mshale uko tayari, wakadhani yu hai. Ni mama yake aliyekwenda kumbembeleza.

Picha hizi mbili huniandama: mmoja amepiga goti penye maji na hatainuka tena, mwingine amepiga goti maji yakimpanda, anainuka. Liyongo alisalitiwa na damu yake, na Peter ndiye ambaye damu yake ilisaliti. Kote kuna mama. Sitaki kuzifunga pamoja kwa kamba ya nadharia. Naziweka tu kwenye mkeka mmoja, kama mtu anayepanga picha za jamaa waliokaa nchi mbalimbali. Kama kuna kinachozifananisha, ni kwamba wote wawili tunawakumbuka kwa magoti yao kuliko kwa ngumi zao. Mchoraji Jack Kirby naye alilijua hili. Mwaka huo huo wa 1966, katika toleo la 51 la Fantastic Four, anafungua hadithi kwa Ben Grimm, mtu aliyegeuka mwamba, mwenye nguvu za kubomoa majengo, amesimama peke yake barabarani mvua ikimnyea. Hafanyi chochote. Maji yanateremka kwenye ngozi ya mawe na macho yake yanatazama mahali ambapo hatupaoni. Ukurasa mzima.

Waliochora haya nao walikuwa wamebeba. Siegel na Shuster walimuuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130, dola 10 kwa kila ukurasa wa hadithi ya kurasa 13, pamoja na haki zake zote. Walipozeeka walikuwa na dhiki, na ilikuwa mwaka 1975, baada ya wenzao kupiga kelele magazetini, ndipo walipopewa malipo ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na majina yao kurudishwa juu ya kazi yao. Mwaka 2012 ile hundi yenyewe, karatasi iliyolipia, ilinunuliwa mnadani kwa dola 160,000. Kirby alipigania kwa miaka kurudishiwa kurasa alizochora kwa mkono wake, na zilizorudi mwaka 1987 zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile alizokuwa amechora. Watia rangi wengi wa zama hizo hata majina hayakuandikwa. Wekundu ule na ubluu ule ninaoupenda ulichaguliwa na mtu, akiwa ameinamia meza, na kitabu hakisemi ni nani. Nikisikia watu wakizicheka katuni hizi kwamba ni za kitoto, huwaza migongo hiyo iliyoinama.

Na Ditko, ambaye mgongo wake ndio uliochora mgongo huu. Alizaliwa mwaka 1927 Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, na babake alikuwa seremala katika kimojawapo. Mji huo una jina jingine katika historia ya Marekani: mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu yake, maji yakashuka yakabeba nyumba, mabehewa na mitambo, wakafa watu zaidi ya 2,200. Mwaka 1936 mafuriko yakarudi, na Steve Ditko alikuwa mtoto wa miaka 8. Hakupata kusema kwamba picha ya toleo la 33 ilitoka huko, nami simsemei. Ila kwa kuwa nimekwisha kujua kwamba alikulia mahali ambapo chuma kilikuwa mkate wa nyumbani na maji yalikuwa hofu ya wazee, siwezi tena kuitazama picha ile kana kwamba mji ule wote haumo. Aliupandisha mgongoni kwa kijana mmoja, akamwambia inua.

Baada ya toleo la 38, mwaka 1966 huo huo, aliondoka. Hakuzunguka kuhojiwa, hakupigwa picha na wapenzi wake, hakuonekana penye mazulia mekundu filamu zilipokuja. Aliendelea kuchora katika chumba chake cha kazi Manhattan hadi uzee, na waliomwandikia barua aliwajibu. Alifariki mwishoni mwa Juni 2018, akiwa na miaka 90. Stan Lee akamfuata Novemba. Mwaka 2008 mtu asiyetaka kutajwa alizitoa kurasa 24 za asili za Amazing Fantasy toleo la 15, zote kazi ya mkono wa Ditko, akazikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani bila malipo. Kurasa kama hizo zingemtajirisha. Alizifikisha, akatua, akaenda zake.

Wewe unayetaka kuiona picha hii, nakuomba usiitafute peke yake. Watu huikata wakaisambaza, na ikikatwa hivyo huwa ni picha ya mtu mwenye nguvu tu. Anza na toleo la 31. Ingia na Peter wodini, nenda naye chuoni aonekane mwenye maringo, mfuate rehani, shuka naye chini ya maji. Soma la 32 hadi tone la mwisho, kisha kifunge kitabu ukalale, kama walivyolazimika kusubiri waliokisoma mwanzo. Kesho yake fungua la 33, na ukifika ukurasa wa 4, geuza taratibu.